Bakuli la Peasi Sikukuu ya Patriki

Jumapili iliyopita ilikuwa siku ya wazazi hapa shuleni, na mama mdogo Konso alikuja na hotpoti mbili na sauti moja inayotosha mabweni matatu. Alitandika khanga kwenye majani, akawaita na wasichana ambao wageni wao hawakufika, na kabla kuku hajagawanywa akaanza kunitangaza. "Mnamwona huyu mwenzenu? Msimchukulie poa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, kule Guangzhou, akamnusa anayetuchoma kwa polisi kabla ya watu wazima. Sisi tunakula, tunacheka, yeye kafungua bakuli, kasema jamani, tumeshajulikana. Mimi siku yangu ilikuwa imefika, nilikokimbilia ndiko walikonikuta, lakini mtoto huyu pua yake ni ya mbwa wa bandarini." Wenzangu wakapiga makofi. Mimi, ambaye hapa shuleni sikosi jibu, ambaye nimeshapigishwa magoti nje ya ofisi ya mwalimu wa nidhamu kwa kuigiza anavyotembea, nilishika paja la kuku nikalitazama kama ndiyo kwanza nakutana na kuku. Nikasema, "Mama mdogo, kula, chakula kinapoa." Ndiyo sentensi pekee yenye akili niliyoitoa siku nzima.

Kwa hiyo naandika. Ukoo nauacha, wazazi wangu walifikaje China, nani alimtangulia nani, waulizeni wenyewe, kila mmoja ana toleo lake na kila toleo lina shujaa mmoja. Mimi naanzia ndani ya fleti, ghorofa ya tano, mtaa wa Xiaobei, mwezi wa Machi mwaka 2009, wakati kuta zinalia. Sitii chumvi. Mwezi huo unyevu huingia majumbani Guangzhou kama mgeni asiyebisha hodi: vigae vinatoka jasho, kioo cha bafuni hakikuonyeshi uso wako wiki nzima, na soksi ulizofua Jumatatu unazivaa Ijumaa zikiwa na harufu ya mbwa mzee. Tulikuwa na sebule, chumba cha wazazi, jiko la kusimama mtu mmoja na nusu, na stoo. Mimi na mdogo wangu Beni, wa miaka sita, tulilala sebuleni kwenye kochi la kukunjua. Stoo ilikuwa ya marobota: jinzi na magauni ambayo mama alikwenda kuyanunua soko la nguo la Shisanhang alfajiri kwa ajili ya wateja wake wa Moshi na Arusha. Na nyuma ya marobota, kwenye nafasi ya godoro moja la kitoto, aliishi mama mdogo Konso.

Viza yake ilikuwa imekwisha tangu Novemba. Zamani, nasikia, mtu aliweza kupitiliza miezi miwili akaondoka bila makelele, lakini mwaka ule pasipoti zilikaguliwa kila kona: kwenye ngazi za metro, kwenye lifti za majengo ya maduka ya jumla, hata mlangoni mwa mgahawa watu wakiwa na tonge mkononi. Mpango wa wakubwa ulikuwa ajisalimishe mwenyewe, tiketi ikiwa mkononi, kama walivyofanya wenzake wawili watatu wakaachwa waondoke kwa adabu zao na mlango wa kurudi ukabaki wazi. Akikamatwa kabla ya hapo, ni mahabusu, kisha ndege ya kufukuzwa, kisha muhuri wa kutorudi. Na maisha yake yote ya biashara yalikuwa hapo. Tiketi ilishapatikana, ya tarehe ishirini na tano. Kazi yetu sote ilikuwa moja tu: asionekane mpaka siku hiyo.

Kwa hiyo tulikuwa na sheria. Viatu vyake havikai mlangoni. Choo hakivutwi maji kama wote tunaojulikana tuko sebuleni. Akikohoa, na alikohoa sana kwa ule unyevu wa stoo, kikohozi kikavu, mara tatu kisha kimya, akohoe ndani ya mto. Na mtu yeyote akiuliza, tuko wanne. Beni alifundishwa kama katekisimu.

"Mko wangapi nyumbani?"

"Wanne."

"Nani na nani?"

"Baba, mama, dada Suzi na mimi."

"Na mama mdogo?"

"Mama mdogo yupi?"

Akijibu vizuri anapewa biskuti. Siku moja nikajaribu kumkoroga: "Na aliyekupikia uji leo asubuhi?" Akanitazama bila kupepesa. "Malaika." Mama akampa biskuti mbili, mimi nikapewa kofi la mgongo.

Jumapili baada ya ibada watu wa nyumbani, Watanzania wenzetu, walikuja kwetu, na ndipo nilipopata elimu yangu ya kweli, nikiwa nimelala kochini na kitabu usoni. Alikuja hasa Anko Laurenti, wakala wa mizigo aliyekaa mtaa wa Sanyuanli, mtu mwenye tumbo la heshima na simu tatu. Mazungumzo yalikuwa yale yale: nani anatuchoma. "Lazima kuna mtu," Anko Laurenti anasema huku akimung'unya mfupa. "Polisi wanakuja moja kwa moja kwenye mlango wenyewe. Wameota?" Baba anataja jina. Wiki inayofuata aliyetajwa yupo, anakunywa chai yetu, na linatajwa jina la ambaye hakuja. Nilitambua mapema kwamba mchomaji wetu alikuwa na sura ya yeyote asiyekuwepo chumbani, na nikakisema hicho kitu kwa sauti. Baba akasema nirudi kwenye kitabu changu. Leo nikikumbuka nyuso zile zilivyozunguka sufuria moja, kila mmoja akichovya na kumwangalia mwenzake anavyochovya, nashangaa tulikuwa bado tunashiba.

Lakini kulikuwa na jina moja ambalo halikuhitaji kusubiri zamu. Chini yetu moja kwa moja, ghorofa ya nne, aliishi bibi mmoja wa Kikantoni, mwenyeji wa mkoa ule, mwembamba, mwenye nywele fupi nyeupe na ndara za plastiki. Wao humwita bibi po-po, na sisi tukamwita Bibi Popo, kwa Kiswahili, kwa makusudi, maana alikuwa kama popo kweli: mchana unadhani amelala, kumbe masikio yote yako wazi. Asubuhi alifunga mkononi kile kitambaa chekundu cha wazee wanaojitolea kulinda mtaa, akakaa kwenye kigoda mlangoni mwa jengo, akatazama watu. Kila tukipita: "Mmekula?" Kila siku. Nilimweleza baba kwamba kwao hiyo ni salamu tu, kama sisi tunavyouliza za nyumbani bila kutaka kuzijua. Baba akasema hakuna polisi mjanja kama anayeanzia tumboni. "Anataka kujua tunapika kiasi gani. Ukijua sufuria ya mtu unajua idadi ya vichwa vyake." Hebu fikirieni, kwa hoja ile mama alianza kutupa maganda ya viazi kwenye mifuko miwili, mmoja kwenye pipa letu, mwingine kwenye pipa la barabara ya pili.

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa nyumba. Baba alijua Kichina cha bei: ghali sana, punguza, laoban, yaani bosi, nifanyie wepesi. Mama hata hicho alikisema kwa kikokotoo, anabonyeza namba, anamwonyesha bosi, bosi anabonyeza yake, wanakasirikiana kimya kimya mpaka wanaelewana. Mimi nilikuwa na Kichina cha shuleni na Kikantoni cha ngazini, na nilijua kwamba bila mdomo wangu watu hawa wazima hawawezi hata kununua bomba la sinki. Mtoto akishajua hilo, humwezi tena.

Shule yangu ilikuwa ndogo, ya Kiingereza, madarasa manne juu ya duka la taa. Mwalimu wetu, Miss Orla, alitoka Ireland, na nywele zake zilikuwa na rangi ya karoti iliyochemshwa ikasahauliwa. Mwezi huo alitupa kazi ya nyumbani: tarehe kumi na saba ni sikukuu ya Mtakatifu Patriki, kila mtu aisherehekee nyumbani na familia yake, avae kijani, ale chochote cha kijani, kisha aje asimulie. Mimi nilipofika nyumbani nilisema ni nusu ya maksi za muhula. Uongo, lakini nilikuwa nimechoka na nyumba inayonong'ona. Nilitaka siku moja ya kelele.

Baba akasema hakuna sherehe mpaka tarehe ishirini na tano ipite. Aliyeniokoa ni mama. Alikuwa amekaa sakafuni akikaza kamba ya robota, akainua kichwa. "Patriki? Huyo namjua." Kumbe kwenye misheni aliyosomea kulikuwa na sista mmoja wa kutoka huko huko Ireland, na kila Machi aliwapanga mstari akawapa pipi moja moja kwa ajili ya mtakatifu wa kwao. "Sista yule alikuwa na fimbo kama mvua ya masika," mama akasema, "lakini siku ya Patriki hakumgusa mtu. Tutafanya. Na Konso atatoka stoo akae mezani kama binadamu."

Basi siku yenyewe, saa tisa alasiri, tulishusha mapazia, tukafungua redio kidogo ili ifunike sauti, na mama mdogo Konso akaingia jikoni na nywele zake kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvuke. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari vyakula alivyovitaja Miss Orla. Nikasoma: "Viazi vya kuponda vilivyochanganywa na kabichi."

Mama mdogo akageuka na mwiko. "Endelea."

"Ndiyo hivyo. Chakula cha sikukuu."

"Viazi na kabichi? Hiyo ni sikukuu au ni Jumatano?"

Hata hivyo akaviponda, akatia kitunguu, siagi na pilipili kidogo, kwa kuwa alisema mtakatifu naye ana ulimi. Maandazi alikandia maji ya mchicha wa Kichina uliosagwa, na yalipotoka kwenye mafuta yalikuwa na rangi ya sare za mgambo. Nilikata majani matatu matatu, alama ya mtakatifu huyo, kwenye karatasi za kijani tulizotoa ndani ya maboksi ya viatu, Beni akayabandika ukutani, na kwa ule unyevu yakashika yenyewe bila gundi. Nikamtengenezea baba kofia. Akaitazama kama bili. Amekaa China vya kutosha kujua kwamba mwanamume anayevaa kofia ya kijani hapa anawatangazia watu kwamba mkewe ana mwingine. "Vaa tu shemeji," mama mdogo akasema, "sisi wengine hatutoki nje, siri yako haitafika popote." Alicheka ndani ya kitambaa, kama alivyozoea, mabega yanaruka na sauti haitoki. Nilijifunza mwaka ule kwamba mtu anaweza kucheka bila sauti miezi minne na bado kikawa kicheko.

Mezani mama akasimulia aliyoyakumbuka kwa sista. Kwamba Patriki alikuwa kijana tu alipokamatwa akapelekwa nchi ya watu, akachungishwa mifugo miaka mingi, mpaka akatoroka kwa miguu kutafuta meli ya kurudi kwao. Mama mdogo akaacha kula. "Kwa hiyo mtu wenyewe hakuwa na karatasi."

"Zilikuwa hazijaanza," mama akasema.

"Angalau yeye alichunga kondoo. Mimi nachunga jinzi." Akachukua andazi lingine. Beni akauliza kama ni kweli nilivyomsimulia, kwamba mtakatifu alifukuza nyoka wote wa Ireland, na nyoka wenyewe walikwenda wapi. Nikamwambia walipanda meli wakaja Guangzhou, na Wakantoni wakawapokea vizuri sana, kwenye supu. Baba akacheka mpaka akavaa kofia. Dakika kumi hivi, nawaambieni, tulikuwa familia tu, watu watano na viazi.

Kisha mama akasimama, akachukua sahani safi, akapanga juu yake maandazi sita na kuifunika. Kila mmoja mezani alijua maana yake, maana kwetu chakula cha sikukuu hakiliwi chote ndani. Lazima sahani moja itoke iende kwa jirani.

"Kwa nani?" baba akauliza, ingawa jirani tuliyesalimiana naye alikuwa mmoja tu.

"Kwa yule bibi."

"Wewe mwanamke umerogwa? Kwa Popo?"

"Harufu imeshamfikia. Jirani anayenusa sikukuu halafu haoni sahani ndiye anayeanza kujiuliza mnaficha nini. Suzi, shuka nayo. Mikono miwili. Usijitie kuchekesha."

Nikashuka. Bibi Popo alifungua mlango akiwa hana kitambaa chake chekundu, na bila kile kitambaa alionekana mdogo, kama mtu aliyevua meno. Akafunua sahani, akanusa. "Kwa nini ya kijani?"

"Sikukuu ya mtu mmoja wa zamani."

"Wa kwenu?"

"Hapana."

"Wa kwetu?"

"Hapana."

Akafikiri. "Sasa mnamsherehekea wa nini?"

"Mwalimu ametuagiza."

"Ah, mwalimu," akasema, na jambo likawa limeeleweka kabisa. Hapo hapo, kutoka juu ya vichwa vyetu, kwenye dari yake ambayo ilikuwa sakafu ya stoo yetu, kikashuka kikohozi. Kikavu, mara tatu, kisha kimya. Mama mdogo alikuwa amerudi stoo kwa sababu mlango wa fleti ulikuwa umefunguliwa. Mimi nikakohoa papo hapo, kwa nguvu, kama ng'ombe, nikajipiga kifua. "Unyevu," nikasema. Bibi Popo hakuinua macho juu. Alinitazama mimi, akasema nivae soksi, akafunga mlango. Nilipanda ngazi nikijipongeza. Juu sikumwambia mtu chochote. Niliona hicho kikohozi changu ni ushindi, na ushindi wangu nilipenda kuutoa wakati wake ukifika, penye watazamaji.

Haikupita nusu saa mlango ukabishwa. Mama mdogo akatoweka, sahani yake ikaingia chini ya kochi, baba akashusha redio. Alikuwa Bibi Popo, anahema kwa ngazi, na sahani yetu mkononi. Hakuirudisha tupu. Juu yake kulikuwa na vikeki vya mvuke, vyeupe, vimepasuka juu kama maua, na katikati bakuli dogo lililofunikwa kwa kisosi. Akasema viliwe vikiwa vya moto, akampapasa Beni kichwani, akashuka. Mama akafunga. Tukangoja mpaka ndara zikanyamaza, mama mdogo akatoka, na wote tukainama juu ya sahani kama madaktari.

"Vitano," baba akasema. Uso ukambadilika. "Sisi tunajulikana wanne. Kwa nini vitano?"

"Hawa hawatoi vitu vinne," mama akamjibu. "Wewe mwenyewe si ndiye uliyenifundisha? Nne kwao ni nuksi. Kaongeza kimoja, basi." Baba akapumua. Ilikuwa kweli, kila mtu aliijua. Beni alikuwa ameshang'ata kimoja. Mama mdogo akachukua chake, akasema ni laini kama kitumbua kilichosali. Mambo yalikuwa yamekwisha hapo. Ningetia kitu kinywani nikatafuna, mambo yangekuwa yamekwisha.

Lakini bakuli lilikuwa halijafunuliwa, na nikalifunua mimi. Ndani kulikuwa na peasi iliyochemshwa mpaka ikang'aa, kwenye maji ya sukari ya mawe, na tende nyekundu mbili za Kichina. "Tamutamu gani hii?" mama mdogo akauliza, anaisogelea na kijiko. Katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyejua ni nini. Shuleni kila mtoto wa Kichina aliyepata mafua alikuja na chupa ya hayo maji. Na nilikuwa na majibu mawili mdomoni. La kwanza lilikuwa fupi na lisilochekesha: ni yangu, nilikohoa pale mlangoni kwake. La pili lilikuwa zuri zaidi.

Nikachukua kijiko, nikakishika kama kipaza sauti, nikapanda kwenye kochi, nikajikunja mgongo na kuifanya sauti ya Bibi Popo. "Ndugu wananchi! Peasi ya sukari, dawa ya kikohozi! Mwenye kikohozi ajitokeze, na pasipoti yake mkononi!"

Walicheka. Mama mdogo alicheka wa kwanza, tena kwa sauti, mara ya kwanza tangu Novemba. Halafu kicheko kikaanza kuzimika, mtu mmoja mmoja, kama taa za jengo, na wa mwisho kucheka nilikuwa mimi.

"Ni dawa ya nini?" baba akauliza.

"Kikohozi," nikasema.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Na nani anakohoa humu ndani?" Baba akavua kofia. "Amesikia. Amemsikia, na anatuambia kwamba amesikia. Vitano. Hakukosea."

Mama akasema labda bibi ni mwema tu. Baba akasema mwema gani anavaa kitambaa cha serikali. Mama akasema basi tungojee, siku nane si nyingi. Baba akasema siku nane ni nyingi kwa mtu anayekaa chini ya godoro lako. Wakageukiana, kisha wakanigeukia mimi, mtaalamu wa Wachina, na mama akauliza taratibu, "Suzi, yule bibi, alikuonaje uliposhuka?" Ningeweza hata wakati ule. Lakini kama ningesema nilikohoa, nilikuwa nasema pia kwamba nimewatisha bure, na utani wangu mkubwa kuliko wote ungekuwa upumbavu. Nikasema, "Ananiangalia tu. Kama kawaida yake."

Baba alimwaga peasi kwenye sinki. Aliacha maji yatiririke muda mrefu, kana kwamba tunda linaweza kuandika ripoti. Akampigia simu Anko Laurenti, mtu wa nyumbani, asiye na shaka, mwenye chumba cha ziada kule Sanyuanli. Saa kumi na moja jioni, mtaa ukiwa umejaa watu na miavuli, mama mdogo alivaa wigi la mama na koti langu la shule lililombana mabegani, akabeba mfuko wa mboga kama mtu wa sokoni. Mlangoni akanishika mashavu. "Umeniokoa, mwanangu." Nikamwambia asisahau kukohoa kwa Kichina. Akashuka, akiupita mlango wa ghorofa ya nne kwa vidole vya miguu.

Siku ya tatu, asubuhi, watu wakinywa chai, jengo la Anko Laurenti lilikaguliwa ghorofa kwa ghorofa. Haukuwa mlango wake uliolengwa. Ilikuwa milango yote. Yeye karatasi zake zilikuwa sawa. Mama mdogo alikuwa na kikombe mkononi na siku tano za kungoja. Anko Laurenti alitusimulia kwa simu, na baba alipokata akasema, "Popo ametuma habari." Mama akauliza, amejuaje Sanyuanli? Baba akasema, hawa wanajua. Kesho yake mama alipomkuta bibi kwenye kigoda chake, akaulizwa kama amekula, akapita kama anapita nguzo.

Jumamosi, saa nne asubuhi, walifika na kwetu. Polisi wawili, mmoja mzee kidogo, mmoja kijana mwenye daftari, na mbele yao, na kitambaa chake chekundu mkononi, Bibi Popo. Mama alinitazama, jicho likisema: si unaona? Niliona. Kijana akauliza mko wangapi. Nilifungua mdomo, lakini bibi alinitangulia. "Wanne," akasema, kwa haraka na kwa ukali, kama mtu anayepoteza muda wake. "Baba, mama, na hawa wawili. Mimi nakaa chini yao, nasikia kila unyayo. Wanne." Yule mzee akachungulia chumba cha wazazi. Kijana akageuka kuelekea stoo, na akakuta bibi ameshafika hapo, mgongo kwenye mlango. "Humo ni nguo, zimejaa mpaka darini. Fungua zikuangukie, halafu uzipange mwenyewe, mimi sipo." Polisi mzee akacheka. Wakakagua pasipoti nne, moja moja, wakaandika, wakatoka kwenda ghorofa ya sita.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, kwa hiyo niliona ambacho wao hawakuona. Mkono wake ulikuwa nyuma, umeshika kitasa cha stoo, umekikaza mpaka vifundo vya vidole vimekuwa vyeupe. Alikuwa anaulinda mlango ule kwa mwili wake wote wa kilo arobaini, na nyuma yake kulikuwa na jinzi na godoro lililokunjwa.

Akangoja hatua za polisi zipotee juu. Akaachia kitasa, akanisogelea, akakohoa. Si kikohozi chake. Kikavu, mara tatu, kisha kimya. Akanyoosha kidevu kuelekea stoo, akatabasamu, na hapo ndipo nilipoona kwamba ana jino moja la dhahabu. "Mwambie atoke," akasema kwa Kikantoni, polepole, ili nisikose neno. "Wameshapanda juu. Peasi ilimsaidia?"

Mama alikuwa ameshika mlango, anataka kuufunga. "Anasema nini huyu?"

Bibi alinitazama mimi, mama alinitazama mimi. Miaka mitano sasa najaribu kutafuta sentensi ambayo ningewapa wote wawili.

"Anaaga," nikasema.

Mama akamwinamia kichwa kidogo, bila macho, akafunga mlango, akageuza ufunguo mara mbili. Nje ndara hazikuondoka mara moja. Zilisimama pale pale, zinangoja jibu, kisha zikaanza kushuka ngazi.